Kutoka Mji wa Kale hadi Bergen: Jinsi ya Kupanga Safari ya Norway

Haya ni maelezo yaliyotolewa na afisa wa utalii wa kaunti katika kikao cha wakazi walio na jamaa, wanafunzi au marafiki Norway, na wengine wanaotaka kuitembelea nchi hiyo. Tumeyachapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Wengi wenu mmekuja na swali moja: mtoto amenialika Bergen, nianzie wapi? Nitajibu kwa mpangilio, maana safari hii ni ghali. Familia inayoweka akiba miaka miwili haifai kuipoteza kwa karatasi moja iliyokosekana, wala kwa mtu anayejiita wakala.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Bergen uko magharibi mwa Norway, kando ya bahari, na umezungukwa na milima saba. Inasimuliwa kwamba ulianzishwa mwaka 1070 na Mfalme Olav Kyrre. Sisi watu wa Pwani tutauelewa haraka, kwa sababu ni mji wa bandari na biashara kama wetu. Sisi tulikuwa na majahazi na ng'onda. Wao walikuwa na samaki mkavu kutoka kaskazini, aliyebadilishwa kwa nafaka. Wafanyabiashara wa Kijerumani wa jumuiya ya Hansa walifungua ofisi yao hapo karibu mwaka 1360, na ikadumu hadi 1754.

Mtaa wao unaitwa Bryggen, na UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Ni majengo ya mbao, marefu na membamba, yenye vichochoro katikati ambavyo vitakukumbusha Mji wa Kale. Mtaa huo umeungua mara nyingi. Baada ya moto mkubwa wa 1702 waliujenga upya kwa ramani ile ile ya zamani. Mwaka 1955 sehemu yake iliteketea tena, na wachimbaji wa mambo ya kale wakaichunguza ardhi iliyobaki wazi. Leo pana jumba la makumbusho hapo. Yamebaki majengo 62. Kuingia katika vichochoro hakuna malipo. Wekeni nusu siku nzima.

Sasa karatasi. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, inayomruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Ukinyimwa viza, ada hairudishwi. Ndiyo maana nasema andaa kila kitu kabla ya kulipa.

Maombi yanaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Msingoje mwisho, kwani uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kutumika miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka Schengen. Utahitaji bima ya usafiri ya angalau euro 30,000, mahali pa kulala, mpango wa safari, na uthibitisho wa pesa zisizopungua kroni 500 kwa kila siku. Kama mwenyeji wako atagharimia, kuna fomu ya dhamana ambayo yeye huijaza kule.

Jambo linaloangusha wengi ni kutoonyesha kwamba watarudi nyumbani. Barua ya mwajiri, leseni ya biashara, hati ya shamba, cheti cha ndoa, barua ya shule ya watoto: hivi ndivyo vinavyosema kwa niaba yako. Usikope pesa na kuziingiza benki wiki moja kabla ya kuomba. Pesa iliyotokea ghafla huuliza maswali kuliko pesa kidogo iliyokaa.

Na nisisitize hili. Hakuna wakala, awe wa mtaani au wa mtandaoni, anayeweza kukuhakikishia viza. Anayeamua ni afisa wa viza peke yake. Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole zinatolewa na wewe mwenyewe, si kwa kutumwa mtu. Atakayekuambia "lipa nusu sasa, nusu viza ikitoka" huyo mwacheni. Na msikubali kuwekewa barua ya uongo katika maombi. Ikigunduliwa, jina litakaloharibika ni lako.

Twende wakati gani? Bergen hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mombasa. Mwezi Mei na Juni kwa kawaida huwa afadhali. Mwisho wa Juni jua huzama baada ya saa tano usiku na kuchomoza karibu saa kumi alfajiri, kwa hiyo Waislamu wajipange mapema na nyakati za sala. Desemba ni kinyume: jua hutoka karibu saa nne kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri. Msimu wowote, beba koti la mvua na viatu visivyopitisha maji. Mwavuli peke yake hautoshi mahali penye upepo.

Kutoka Kenya utabadilisha ndege njiani, kwa mfano Amsterdam. Ukitua Bergen, usikimbilie teksi. Treni ya mjini hutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji kwa takriban dakika 45. Chakula cha mkahawani ni ghali sana, hivyo tafuta malazi yenye jiko na ununue supamaketi. Maji ya mfereji ni salama kunywa. Hakikisha kadi yako ya benki inafanya kazi nje ya nchi, kwa kuwa noti hazitumiki sana huko.

Sasa fiodi. Fiodi ni mkono mrefu wa bahari kati ya milima. Mikono yetu ya bahari, kama wa Kilifi na wa Mtwapa, ilichongwa na mito wakati bahari ilipokuwa chini. Yao ilichongwa na barafu nzito kwa maelfu ya miaka, ndiyo maana kuta zake zimesimama wima na kina chake ni kikubwa. Sognefjord ina urefu wa kilomita 205, na kina chake kinapita mita 1,300. Tawi lake, Nærøyfjord, lina mahali penye upana wa mita 250 tu, na limo katika Urithi wa Dunia tangu 2005.

Kwa siku moja unaweza kufanya hivi: panda treni Bergen hadi Myrdal, ushuke na reli ya Flåm yenye kilomita 20, uchukue boti ya saa mbili kupita Nærøyfjord hadi Gudvangen, kisha basi hadi Voss na treni kurudi Bergen. Nunua tiketi mapema. Mwenye mfuko mdogo apande basi hadi Norheimsund, katika Hardangerfjord, penye maporomoko ya maji ambayo unapita nyuma yake kwa miguu. Hardanger ni nchi ya matunda, na Mei miti huchanua.

Mlimani kuweni waangalifu. Fløyen, mita 320 juu ya bahari, hufikiwa kwa treni ndogo inayovutwa kwa kamba ya chuma. Lakini hali ya hewa hugeuka kwa dakika chache. Mwambie mtu unakokwenda, na ukiona ukungu, rudi; si aibu. Nambari za dharura ni 110 kwa moto, 112 kwa polisi na 113 kwa ambulensi.

La mwisho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bergen waliona meli za kitalii zikiwajaza hadi wenyeji hawana pa kupita, wakaweka kikomo cha abiria 8,000 kwa siku. Na katika fiodi za Urithi wa Dunia, Norway imeamua kwamba meli za abiria zisizotoa moshi ndizo zitakazopita, ndogo zikianza 2026 na kubwa 2032. Mtakapokuwa huko, tazameni pia jinsi walivyotunza mbao za kale bila kuwafukuza wanaofanya kazi humo. Sisi tuna Fort Jesus, iliyoorodheshwa 2011, na Mji wa Kale unaohitaji macho kama hayo. Mkirudi, njooni mtuambie mliyoyaona.