Mwamba Wenye Jina: Kutafuta Mahali pa Kuzamia Pwani ya Kusini



Jumanne mchana nilitoka majini Mtwara baada ya kuzamia siku tano mfululizo. Usiku nikapanda basi la Dar es Salaam. Jumatano nikaiacha treni ya SGR iende zake bila mimi, nikakaa mjini siku nzima, na leo Ijumaa niko mbele yenu hapa Chemba. Naomba nianzie kwenye siku ile ya kukaa.

Kila mita 10 za maji humwongezea mzamiaji mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya ufuo. Hewa ya mtungi anayoivuta huko chini huingiza naitrojeni kwenye damu na nyama za mwili, nayo hutoka polepole. Kwetu hapa tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Mtu akizamia kisha akawahi kupanda bara, naitrojeni iliyobaki inaweza kugeuka mapovu kwenye viungo, hata kwenye uti wa mgongo. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa akae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi mtoto wa bara naiheshimu kanuni hiyo hata kwa treni. Mama ameshazoea, haulizi tena nimekawia wapi.

Ugonjwa huo hutibiwa ndani ya chumba cha chuma kinachoongezwa mgandamizo, nacho wazamiaji hukiita chemba. Zanzibar ipo, lakini kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 400. Basi mtu anayetafuta mahali pa kuzamia haanzi na wingi wa samaki. Huanza kwa kujiuliza: mtu akiumia hapa tutamfikisha wapi, kwa chombo gani, kwa saa ngapi? Nimeshaifuta kwenye daftari miamba mizuri sana kwa kukosa jibu la swali hilo.

Kazi yangu iko kati ya Mikindani na Sudi, kaskazini ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mikindani wazamiaji walishafika. Ukipanda kuelekea Sudi huwaoni. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki huifikia Afrika upande huo wa kusini na kugawanyika, tawi moja likaja kwetu na kupanda hadi Kenya, jingine likashuka Msumbiji. Kina nacho hukatika mapema. Hutoki mbali na ufukwe kabla ya kukuta kilindi. Mkondo ukipita kwenye ukuta wa mwamba huleta chakula, na chakula huleta samaki. Mkondo huohuo humchukua mgeni asiyejua saa zake. Kwa hiyo tunazamia siku za maji mafu, si za bamvua, na msimu tunaoupenda ni wa tangambili, kusi ikiwa imechoka na kaskazi haijashika.

Mwingereza William Owen aliipima pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1820 kwa meli za Leven na Barracouta, na mabaharia wake wengi walikufa kwa homa. Walitumia bildi: kipande cha risasi kwenye kamba, chini yake kimepakwa shahamu ili kinase kilichoko sakafuni. Mimi nina picha za setilaiti na kipima kina cha mwangwi, lakini bildi sijaiacha. Ikirudi na tope jeusi, uko jirani na mikoko. Ikirudi na mchanga mweupe wenye vipande vya matumbawe, mwamba hauko mbali.

Hata hivyo aliyenifikisha mwambani hakuwa na kifaa chochote. Mzee mmoja mvuvi wa mshipi alinipandisha kwenye ngalawa yake, akatazama nchi kavu, akangoja mpaka mbuyu ulipokaa sawasawa nyuma ya ncha ya rasi, akageuza shingo upande wa pili kutafuta alama yake nyingine. Kisha akaniambia: “Tia nanga, mwanangu. Hapa pima nane. Ukivuka hapo mbele, chini hakuna.” Pima nane ni karibu mita 15. Kipima mwangwi kilisoma 15. Wachungaji wetu huku nao hushika njia kwa mibuyu, na nilijiona niko nyumbani.

Kesho yake tulifunga ubao nyuma ya boti, nikaushika kwa mikono miwili, nikakokotwa juu ya mwamba uso ukiwa majini. Dakika mbili, boti inasimama, naandika, tunaendelea. Niliandika: matumbawe hai, pono wengi, kasa mmoja. Kipande kilichofuata niliona duara la kokoto, upana wa darasa, hakuna kinachotikisika ila unyasi mmoja wa majini. Hiyo ni alama ya uvuvi wa baruti. Uvuvi huo ulipigwa marufuku tangu 1970 na ukaendelea miaka mingi. Mlipuko ni wa sekunde moja; kokoto zinazobaki hubingirika kila wimbi linapopita, na tumbawe changa haliwezi kujishikiza juu ya kitu kinachobingirika.

Ripoti za kazi yangu huiita pwani hiyo “isiyoendelezwa”. Silipendi neno hili. Linamfanya msomaji aone ufuo mtupu unaosubiri mwenyewe aje, asahau kwamba wenyewe wapo tayari.

Wazee mlioko hapa mnakumbuka mradi wa kuhifadhi ardhi wa HADO, ulioanza mwaka 1973 wakati Chemba yote ikiwa Kondoa. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka. Nyasi zilirudi, makorongo yakaanza kufunga, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wenye ng’ombe walipewa amri, hawakuulizwa, na uchungu wake nimeusikia nyumbani kwetu nikiwa mdogo. Tukimwekea mzamiaji boya juu ya mwamba na kumwambia mvuvi asishushe nanga hapo, tunamwondolea malisho vilevile. Huenda akakubali, kama ada ya mgeni inafika kijijini na kama yeye mwenyewe ndiye nahodha wa boti. Ila aulizwe kwanza, kabla ya ramani kuchapwa.

Mwamba ule una jina. Mzee alinitajia tukiwa njiani kurudi, akaniomba nisiliandike. Anaogopa wenye majuya wa mbali wakilisikia watafuata jina mpaka mahali penyewe. Kwa hiyo karatasi yangu ina kina, ina mwelekeo wa mkondo na saa za maji kusimama, na penye jina pako wazi. Mkutano wa kijiji utakaa kusi ikitulia, wao ndio wataamua kama pajazwe. Mzee amenitaka nifike siku moja kabla, turudi mwambani sisi wawili, nimweleze palepale juu ya maji boya ninalolitaka litakaa wapi.