Mtoto Asome na Lile Lisiloandikwa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Mkoa wa Singida)

 

Nimeombwa niseme juu ya watoto wetu na kusoma. Nitasema jambo moja tu. Mtoto anaweza kusoma kila neno lililo katika karatasi, na bado asijue karatasi inasema nini. Ugonjwa huu una dawa, na dawa yenyewe haiuzwi dukani. Ipo hapa hapa kijijini. Dawa hiyo ni mchezo, lakini mchezo ambao mtoto ameutunga yeye mwenyewe.

BARUA YA KAKA

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Nilikuwa darasa la nne. Kaka yangu alikuwa amekwenda Mererani, kule kwenye machimbo ya tanzanaiti, kutafuta maisha. Siku moja ikaja barua. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa msomaji. Basi nikaitwa, nikasimama katikati ya ua, nikasoma kwa sauti kubwa. Barua ilisema hivi:

"Mama, shikamoo. Mimi ni mzima. Siku hizi nashinda nyumbani. Wenzangu ni watu wema, wananiletea chakula. Jembe langu jipya mpeni baba mdogo alitumie, msimu huu mimi sitalima. Msiwe na wasiwasi."

Sikukosea hata neno moja. Watu wakapiga makofi. Mama akafurahi, maana mwanawe ni mzima na ana rafiki wema.

Bibi yangu alikuwa amekaa pembeni akipepeta uwele. Bibi hakujua kusoma hata herufi moja. Akaweka ungo chini akaniuliza, "Mjukuu wangu, mtu aliyekwenda kutafuta kazi anashindaje nyumbani?" Nikanyamaza. Akauliza tena, "Mtu mwenye mikono yake analetewaje chakula?" Nikanyamaza. Akauliza mara ya tatu, "Hebu tazama. Huo ni mwandiko wa kaka yako?"

Nikatazama. Jamani, haukuwa mwandiko wake.

Bibi akasema, "Huyu mtoto ameumia mkono. Hataki mama yake ajue."

Baba mdogo akasafiri kesho yake. Akamkuta kaka amevunjika mkono wa kulia, umevimba, umefungwa kitambaa tu. Akampeleka hospitali. Mkono ukapona. Daktari alimwambia baba mdogo kwamba wangechelewa zaidi, mkono ungekatwa.

Sasa niulizeni, siku ile nani aliisoma barua? Mimi nilisoma maneno. Bibi alisoma barua.

KUSOMA KUNA HATUA MBILI

Ndugu zangu, nchi yetu imefanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu herufi. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wengi walijifunza kusoma chini ya miti. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalibadilishwa ili yatilie mkazo KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Hayo yote ni mema.

Lakini kuyajua maneno ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kung'amua. Kung'amua maana yake ni kuchukua dalili zilizoandikwa, ukaziunganisha na mambo unayoyajua wewe, ukapata jambo ambalo halikuandikwa. Si kubahatisha. Anayebahatisha hana ushahidi. Anayeng'amua anaweza kukuwekea kidole kwenye neno akasema, "Nimejua kwa sababu ya hili hapa."

Ninyi wenyewe mnafanya hivyo kila siku. Ng'ombe akipotea, mfugaji hatazami mbinguni. Anatazama unyayo, anatazama kinyesi kama ni kibichi au kimekauka, anatazama majani yaliyolala. Kisha anasema, "Amepita hapa asubuhi, anaelekea mtoni." Hakumwona, lakini amejua. Ndugu zetu Wahadzabe, wa Wilaya ya Mkalama na pande za Ziwa Eyasi, ni mafundi wakubwa wa kusoma nyayo. Basi akili hii si ngeni kwetu. Kazi iliyobaki ni kuihamisha kutoka porini kuileta kwenye karatasi.

KWA NINI MTOTO ATUNGE MWENYEWE?

Mtu anaweza kuuliza, "Kwa nini mwalimu asimpe tu mtoto maswali?" Maswali ni mazuri, ampe. Lakini anayeulizwa daima hutafuta jibu la mwalimu. Anayetunga mchezo anakaa upande wa pili. Yeye ndiye anayeficha kitu. Na huwezi kuficha kitu vizuri mpaka ujue mwenzako atakitafuta kwa dalili zipi. Ukimwachia dalili nyingi, mchezo umekufa. Ukimnyima zote, mchezo umekufa pia. Mtoto akishajifunza kupima dalili za kumwachia mwenzake, atajua pia kuzitafuta zile alizoachiwa na mwandishi wa kitabu.

Sasa nitaeleza michezo mitatu. Yote haina gharama.

MCHEZO WA KWANZA: KITENDAWILI KIPYA

Sote tumekua na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Lakini watoto wetu wanarudia vile vya zamani, ambavyo majibu yake wameshayakariri. Mwambie mtoto atunge kipya, juu ya kitu kilichopo hapa Singida.

Mtoto mmoja alianza hivi: "Ni chekundu, kina maganda, kinalimwa, kinatiwa kwenye mchuzi, ukikikata unalia." Wenzake wote wakapiga kelele, "Kitunguu!" Dalili zilikuwa nyingi mno. Akajaribu tena: "Kinakaa chini." Wakasema karanga, wakasema jiwe, wakasema kiazi. Dalili ilikuwa ndogo mno.

Mwenzake akatunga hiki: "Vijana wangu wamesimama shambani. Asubuhi wanampokea mgeni, jioni wanamsindikiza." Watoto wakafikiri. Mmoja akasema, "Ni alizeti changa, maana zinageuka kulifuata jua." Mnaona? Neno jua halikutajwa. Neno alizeti halikutajwa. Lakini dalili zilitosha.

MCHEZO WA PILI: HABARI YENYE SIRI

Mtoto aandike habari ya sentensi nne. Ndani yake afiche jambo moja. Asilitaje. Mfano ni huu:

"Asha alirudi jioni kutoka mnadani. Kikapu chake kilikuwa kitupu. Aliingia ndani akiimba. Aliwagawia wadogo zake maandazi."

Swali: Je, Asha aliuza kuku wake? Watoto watasema ndiyo. Waulize, "Mmejuaje?" Watasema kikapu ni kitupu. Hapo usikubali haraka. Sema, "Hata aliyeibiwa kikapu chake ni kitupu." Watarudi kwenye maandishi. Watasema, "Lakini aliyeibiwa haimbi, na hana hela ya maandazi." Vema! Sasa wana dalili tatu, na zote zinaelekea njia moja.

Kisha mwambie mtunzi abadilishe sentensi mbili tu: "Aliingia ndani kimya. Alikaa kitandani bila kuvua viatu." Kikapu ni kile kile kitupu, lakini habari imegeuka. Hapo watoto watajifunza kwamba dalili moja haitoshi. Ni lazima zisomwe pamoja.

MCHEZO WA TATU: NJIA YA MASHIMO

Watoto wetu wanajua kuchimba mashimo ya bao. Sasa wachimbe mashimo 20 katika mstari unaopinda kama nyoka. Shimo la kwanza ni Nyumbani, la mwisho ni Sokoni. Kete ziwe kokoto au visoda. Kila mtoto aandike habari zake zenye siri kwenye vipande vya karatasi. Hata pembeni mwa daftari la zamani panafaa. Karatasi zikunjwe, zitiwe katika kopo.

Mchezaji anachukua karatasi moja, anaisoma kwa sauti, anajibu. Akijibu sawa na kuonyesha maneno yaliyompa jibu, anasogea mashimo matatu. Akijibu sawa bila ushahidi, anasogea shimo moja. Akibahatisha akakosa, anabaki pale pale. Jibu likiwa tofauti na la mtunzi, lakini likawa na ushahidi mzuri, basi mtunzi ameshindwa, na mchezaji asogee matatu.

Hizo ni sheria nilizoziona mimi. Waacheni watoto wazibishanie na kuzibadilisha. Kubishana kwenyewe ni somo, maana kila anayetaka sheria mpya itabidi aseme sababu.

KAZI YA MZAZI

Labda mama mmoja anasema moyoni, "Mimi nasoma pole pole, nitamsaidiaje mtoto wa darasa la tano?" Mama yangu, mkumbuke bibi. Hakujua herufi, lakini alijua kuuliza. Kazi yako ni maneno mawili tu: "Umejuaje?" Mtoto akikujibu, mwambie, "Nionyeshe hapo." Basi. Ukifanya hivyo kila jioni, umefundisha.

Kuna mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, usimpe jibu. Mtoto akinyamaza, mwache afikiri.

Pili, usimcheke aliyekosea. Muulize njia aliyopita. Mara nyingi utakuta alikuwa na sababu.

Tatu, kama mtoto bado ni mgeni wa Kiswahili, atunge kwanza kwa Kinyaturu au Kinyiramba, au lugha yoyote ya nyumbani. Akili ing'amue kwanza. Kisha aandike kwa Kiswahili.

Nne, watoto wa kike nao wacheze. Si haki mvulana akae anatunga michezo huku dada yake anaosha vyombo mpaka usiku. Wagawiwe kazi, wote wamalize mapema, wote wacheze.

NA SISI WAKUBWA?

Ndugu wahitimu, msidhani haya ni ya watoto peke yao. Sisi wakulima wa vitunguu tunajua. Mnunuzi anakuja na karatasi, imeandikwa bei nzuri kwa kila gunia. Unasoma, unafurahi, unatia sahihi. Lakini ni jambo gani halikuandikwa? Halikuandikwa gunia ni la kilo ngapi. Siku ya kupakia unaona magunia yamefungwa na kofia juu, yaani lumbesa, ambayo sheria ya vipimo inaikataza. Jasho lako limekwenda bure. Maneno ya karatasi ile uliyasoma yote. Lile lisiloandikwa hukulisoma.

Kwa hiyo mtoto anayekaa chini ya mwembe leo, anabishana na wenzake kama Asha ameuza kuku au ameibiwa, hachezei wakati. Anajifunza kuilinda nyumba yake. Kesho atasoma karatasi ya mkopo, maelezo ya dawa, tangazo la kazi ya mjini, na barua ya ndugu aliye mbali. Atauliza, "Hapa pamesemwa nini, na pamenyamaziwa nini?"

Kaka yangu leo ni mzee wa familia. Analima kwa mikono yake yote miwili. Kila nikimwona ameshika jembe, namkumbuka bibi na ungo wake wa uwele.

Jioni ya leo, ndugu zangu, mwambieni mtoto mmoja tu nyumbani kwenu, "Nitungie mchezo." Kisha kaeni naye, mcheze.

Elimu haina mwisho. 

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika barua ya kaka kulikuwa na dalili gani zilizoonyesha kwamba ameumia? Zitajeni zote.

2. Kubahatisha na kung'amua kuna tofauti gani? Toeni mfano wa hapa kijijini.

3. Kila mmoja atunge kitendawili kimoja kipya juu ya kitu cha shambani kwake. Wenzake wajibu, na waseme wamejuaje.