Malori, mahindi na usingizi wa dereva: hali ya uchukuzi katika njia ya Kitale–Endebess–Suam

Maelezo yaliyosomwa mbele ya madereva, wenye malori, wakulima na wafanyabiashara wa Endebess



Mkaazi yeyote wa Endebess aliyepitisha utoto wake hapa anakumbuka barabara ya Suam ilivyokuwa mvua ikinyesha. Lori la mahindi lilizama hadi kwenye ekseli, tanboi akashuka na jembe, na mwenye mzigo akabaki kuhesabu siku. Upande wa pili wa mto, kutoka Suam kupitia Bukwo hadi Kapchorwa, mambo yalikuwa magumu zaidi.

Sasa lami imefika. Mwaka 2017 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha ufadhili wa mradi mmoja wa nchi mbili: barabara ya Kapchorwa hadi Suam upande wa Uganda, ambayo ni kilomita 73, barabara ya Suam, Endebess hadi Kitale upande wa Kenya, ambayo ni takriban kilomita 45, barabara ya kando ya mji wa Eldoret, na kituo cha pamoja cha mpakani pale Suam. Katika kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na lori hukaguliwa mara moja badala ya kusimama kila upande.

Lami ni baraka. Lakini pia huleta malori mengi, mazito na yenye kasi kuliko wakaazi walivyozoea. Yafaa kuangalia mabadiliko hayo yanamaanisha nini kwa mkulima, kwa dereva na kwa mtoto anayevuka barabara kwenda shule.

Somo kutoka Malaba

Kwa miaka mingi mizigo ya Uganda imepita Malaba na Busia. Njia mbili hizo zikifungana, eneo zima huumia. Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wote wapimwe Korona mpakani kwa malipo, madereva waligoma. Foleni ilirudi nyuma kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita ndani ya Kaunti ya Bungoma. Watu walilala chini ya trela, walipika kando ya lami, na Uganda ikakosa mafuta hadi bei ya petroli ikaruka.

Foleni ile ilionyesha hatari ya kutegemea milango miwili pekee. Suam haitachukua nafasi ya Malaba, lakini ni mlango mwingine, na ndio ulio karibu zaidi na Bukwo na Kapchorwa. Saruji, chumvi, sabuni na mbolea zaweza kwenda upande ule. Mahindi, maharage na ndizi zikarudi huku. Lori linalopata mzigo kwenda na kurudi hugawanya gharama ya dizeli mara mbili. Lori linalorudi tupu humlipisha mkulima safari zote mbili.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kuna utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bila kulipa ushuru wa forodha. Mama mwenye magunia yake machache hana sababu ya kupita vichochoroni usiku.

Gharama inayomfikia mkulima

Bei ya dizeli ni mzigo wa kwanza. Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwenye lori hawezi kubeba nyongeza hizo peke yake. Huzipunguza kwenye bei anayompa mkulima shambani, au huziongeza kwenye bei ya unga dukani.

Mzigo wa pili ni ushuru wa mazao, yaani sesi, ambao lori hudaiwa katika kaunti zaidi ya moja. Ibara ya 209(5) ya Katiba inasema kwamba uwezo wa kaunti wa kutoza kodi usitumiwe kwa namna itakayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafirishaji wa bidhaa nchini. Kwa hiyo dereva aombe risiti kila anapolipa, na aitunze. Malalamiko yenye risiti husikizwa. Yasiyo na risiti hubaki kuwa maneno ya njiani.

Mzigo wa tatu ni unyevu. Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili yake, na uthibitishwe kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 yakifunikwa turubai na kusimama siku mbili juani, ukungu huanza. Kwa hiyo foleni humpotezea dereva muda, na pia yaweza kuharibu chakula. Mkulima akaushe kabla ya kupakia, na mwenye lori asikubali mzigo mbichi kwa sababu tu safari ni fupi.

Mizani inalinda nini

Wengi huona mizani, kama ile ya Webuye, kuwa ni mahali pa kusumbuliwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba, pamoja na mzigo wake. Ekseli moja ya nyuma yenye magurudumu manne isizidi tani 10.

Sababu yake ni hii. Wahandisi wa barabara wamegundua kwamba uharibifu haupandi hatua kwa hatua na uzito, huruka. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, ziada ni sehemu moja ya tano tu ya uzito halali, yaani asilimia 20, lakini lami huumia takriban mara mbili. Magunia machache ya ziada leo yanarudisha matope ya jana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa kodi ya mkulima yule yule aliyependa lori libebe zaidi.

Dereva naye ni mtu

Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane kwa jumla katika saa 24. Kutoka Mombasa hadi Suam ni takriban kilomita 900. Lori lililopakia likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, hiyo ni kazi ya saa 18. Saa nane mara mbili ni 16. Maana yake, safari hiyo kisheria inaingia siku ya tatu. Mwenye lori anayetaka mzigo ufike kwa siku moja na nusu anamwagiza dereva avunje sheria, na anayelipa makosa hayo si dereva pekee.

Nchi inakumbuka Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, trela lilipoacha njia na kugonga magari, wachuuzi na wapita njia. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao walikuwa wamesimama kando ya barabara wakitafuta riziki. Endebess nayo ina wachuuzi kando ya barabara, ina waendeshaji boda boda na ina watoto. Na upande wa Bukwo na Kapchorwa barabara inazunguka miteremko ya Mlima Elgon. Dereva anayeteremka bila gia, akitegemea breki pekee, huzichoma breki hizo kabla ya kufika chini.

Hatari nyingine huja usiku. Dereva aliyechoka asipopata mahali pa kuegesha, huliacha trela nusu kwenye lami, bila taa wala alama. Mwendeshaji boda boda huliona akiwa amechelewa. Kwa hiyo kiwanja cha kuegesha malori, chenye choo, maji na mwangaza, ni jambo la usalama wa wakaazi kama lilivyo la starehe ya dereva. Pia ni soko: madereva hula, hununua, na hutafuta fundi wa magurudumu na wa breki.

Nani aulizwe nini

Barabara kuu ya Kitale–Suam iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa, KeNHA. Matuta, alama na vivuko vya barabara hiyo huombwa huko. Forodha ni kazi ya Mamlaka ya Ushuru, KRA. Polisi wa trafiki wako chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, inashughulikia barabara za kaunti, maegesho, masoko na leseni za biashara.

Kwa hiyo anayetaka kiwanja cha malori, soko lililo mbali na ukingo wa lami, au barabara ya shambani itakayofikisha mazao kwenye lami, ombi lake ni la kaunti. Lina wakati wake pia. Taarifa ya mikakati ya fedha hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wakaazi wanaofika kwenye vikao vya maoni ya umma kabla ya tarehe hizo wakiwa na ombi lililoandikwa, lenye jina la mahali na sababu, huwa wameingia mlangoni. Wanaofika Julai hukuta meza imeshaandaliwa.

Madereva wapumzike. Wenye malori wawape muda wa kupumzika. Wakulima wakaushe mahindi na wapakie kwa kipimo. Wachuuzi wasogee nyuma ya mtaro, na wazazi wawafundishe watoto kwamba lori lililopakia halisimami ghafla kama boda boda. Lami imefika Endebess baada ya kungojewa miaka mingi. Kila anayeitumia ana sehemu yake katika kuhakikisha inaleta mazao sokoni na kurudisha watu nyumbani salama.