Maoni Yetu Juu ya Hadithi za Picha Kutoka Japani

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya kikundi chetu cha kusoma, Jumamosi jioni, baada ya watu kutoka shambani.)



Mwezi uliopita tulipewa kazi. Tuliambiwa tusome vitabu vya hadithi za picha kutoka Japani, vile vya mapenzi na vya safari, halafu tuje tuseme mbele yenu kama vinafaa au havifai. Wapo waliosema havifai hata kabla hatujavifungua. Baba mmoja alisema, "Mtu mzima na vikatuni, aibu gani hii! Sisi tumejifunza kusoma ili tusome habari za mbolea na za sheria." Tulimsikiliza, tukanyamaza. Leo tutamjibu.

Kwanza jina. Wajapani wenyewe huita vitabu hivi manga. Tulipolisikia neno hilo mara ya kwanza tulidhani ni mambo ya Wamanga wa Maskati, au ya pilipili manga. Sivyo. Ni neno la Kijapani tu, limefanana na letu. Maana yake ni hadithi inayosimuliwa kwa picha, na maneno yake yameandikwa ndani ya viputo vinavyotoka midomoni mwa watu. Wazee mnamkumbuka Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Basi ni jamaa ya hayo, ila Chakubanga alimaliza mambo yake siku ile ile, na manga moja huweza kwenda miaka kumi au zaidi. Sura hutoka kidogo kidogo katika magazeti yao, ya kila wiki au ya kila mwezi. Zikifika kiasi hukusanywa kuwa kitabu kimoja, yaani juzuu. Hadithi moja huweza kuwa na juzuu nyingi hata rafu ikajaa.

Tena husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hapo tulisumbuka! Tulianza mwisho tukaishia mwanzo, tukashangaa mbona marehemu amefufuka. Waliosoma chuoni walitucheka, maana Kurani pia huanzia kulia.

Jambo jingine lilitufurahisha. Wajapani wana herufi nyingi sana zilizotoka Uchina, na mtu huchukua miaka mingi kuzijua. Kwa hiyo katika manga za vijana, pembeni ya kila herufi ngumu huweka herufi ndogo nyepesi za kuonyesha jinsi neno linavyotamkwa. Msomaji mchanga haachwi nyuma. Sisi tuliosoma ukubwani tunajua thamani ya jambo hilo.

Vitabu tulivipata hivi. Binti wa mwenzetu mmoja anafanya kazi mjini. Alikuja likizo na kikapu cha juzuu za Kiingereza, akatuachia. Kijana wetu anayefundisha sekondari alitufasiria. Sisi tuliandika maneno ya Kiswahili kwa penseli kwenye vikaratasi, tukavibandika juu ya viputo. Kazi ya usiku mwingi hiyo. Lakini kila aliyeandika kikaratasi sasa anaandika upesi kuliko zamani, na hilo ni jibu letu la kwanza kwa yule baba.

Sasa tuseme habari za vitabu vyenyewe. Tulisoma hadithi tatu.

Ya kwanza ni ya Frieren. Ameiandika Kanehito Yamada na kuichora Tsukasa Abe, na ilianza mwaka 1920, samahani, 2020. (Msomaji wetu alikosea hapa, watu wakacheka. Tumeacha kosa lake lionekane.) Mwaka 2021 ilipata tuzo kubwa ya manga huko Japani, iitwayo Manga Taisho. Frieren ni mwanamke mchawi, lakini uchawi wake si wa kuroga watu, ni wa hadithi. Yeye si binadamu, ni katika viumbe wenye masikio marefu wanaoitwa kwa Kiingereza "elf". Mwalimu alipotutamkia tulisikia "elfu", tukasema sawa, maana umri wake umepita miaka elfu.

Alitembea miaka 10 na wenzake watatu, wakamwua mfalme wa mashetani. Kiongozi wao alikuwa kijana Himmel. Wakaagana. Kwake Frieren miaka 50 ni kama wiki moja. Alipорudi alimkuta Himmel mzee mwenye upara, na baada ya muda mfupi akafa. Pale kaburini Frieren akalia. Alisikitika kwamba alikaa na mtu huyu miaka 10 na hakujitahidi kumjua. Tangu hapo anasafiri kwenda kaskazini, mahali ambako inasemekana roho za wafu hupumzika, ili aseme naye. Anafuatana na msichana Fern na kijana Stark.

Mama zetu walifunga kitabu hapo wakakaa kimya. Kila mmoja alikuwa na mtu wake.

Mnauliza, mapenzi yako wapi? Yapo, lakini yamefichwa. Himmel alimpenda huyu mwanamke maisha yake yote na hakumwambia. Alimvika pete tu, naye akaiona kuwa pambo. Katika juzuu ya 12 Frieren anaguswa na nguvu za jiwe la kale, anajikuta amerudi nyuma miaka 80, yuko tena na Himmel akiwa kijana. Humo mnaonyeshwa ndoto ya arusi yao, arusi ambayo haikuwako. Sisi tunasema juzuu hiyo ndiyo bora kuliko zote tulizosoma. Hakuna kupayuka. Mwandishi anakuachia mwenyewe uone.

Baada ya hapo hatukufurahi sana. Kuanzia juzuu ya 13 wanaingia katika nchi ya dola kubwa yenye majasusi, majina mapya yanamiminika, huyu anataka kumwua yule, yule anamlinda huyu. Tulilazimika kuandika majina ukutani kwa chaki. Hadithi iliyokuwa ya moyo ikageuka ya siri za serikali. Vijana wetu wamependa sana. Sisi watu wazima tunangoja warudi barabarani, kwenye vijiji vile ambako Frieren hukubali kusugua kutu kwenye sanamu ya shaba apate kitabu kimoja cha uganga usio na faida. Hapo ndipo tunapomwelewa.

Hadithi ya pili ni ndogo, tutaipita upesi. Kwa Kiingereza inaitwa "A Sign of Affection". Mwandishi hujiita Suu Morishita, kumbe ni watu wawili, mmoja hutunga na mwingine huchora. Ilianza mwaka 2019. Yuki ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kiziwi tangu kuzaliwa. Anakutana katika treni na Itsuomi, kijana aliyetembea nchi nyingi na anayejua lugha tatu, lakini lugha ya mikono haijui. Anaanza kujifunza. Basi ndiyo hadithi yenyewe. Juzuu za karibuni hazina vishindo, shauri kubwa ni kama watakaa nyumba moja na wazazi wa Yuki watasema nini. Kwa desturi zetu watu hawakai nyumba moja kabla ya mahari, na tulisema hivyo. Lakini tulipenda mikono ilivyochorwa. Ukitazama unaona kila kidole kinasema. Mwenzetu mmoja ana mtoto kiziwi. Kwa miaka mingi wamekuwa wakimwita kwa kumtupia kijiti. Alisoma juzuu ya kwanza mara mbili, akamwuliza mwalimu, "Hii lugha ya mikono, huku kwetu inafundishwa wapi?" Mwalimu anamtafutia shule. Hilo nalo baba wa mbolea alisikie.

Ya tatu ndiyo iliyotugombanisha, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo.

Ni hadithi ya mabibi arusi, kwa Kiingereza "A Bride's Story". Mwandishi wake ni mwanamke, Kaoru Mori. Alianza mwaka 2008, akapata tuzo ile ile ya Manga Taisho mwaka 2014. Mambo yake hayatukii Japani. Yanatukia katika Asia ya Kati, karibu na Bahari ya Kaspi, katika karne ya 19, wakati Warusi walipokuwa wakizikaribia nchi hizo. Watu wake wengine ni wafugaji wa kuhamahama, wengine wamekaa mijini. Wana kondoo, farasi, mahema, mahari, mashemeji, mawifi. Jamani, tulijiona humo! Wanaoka mikate kwenye tanuri la udongo. Wanadarizi vitambaa vya arusi kwa miezi na miezi. Yupo msichana Pariya, mdomo mkali, mwoka mikate hodari, aibu zinamjaa akimwona mchumba wake. Mji wao unaposhambuliwa, vitambaa alivyovidarizi kwa ajili ya arusi vinaungua, naye inambidi aanze upya. Mama mmoja aliposikia hilo alipiga kofi la huzuni kama ameunguliwa yeye.

Michoro ya kitabu hiki haina mfano. Kila uzi umechorwa, kila unywele wa farasi. Katika juzuu ya 14 kuna mashindano ya farasi. Vijana wa ukoo wa wafugaji wanataka kuoa katika kabila jingine ili kupata nguvu ya kuwakabili Warusi, na msichana humchukui mpaka umfikie mbio. Vumbi unalisikia puani. Katika juzuu ya 15 Mwingereza Smith anamfikisha mchumba wake Talas nyumbani kwao Uingereza. Talas ni mjane. Aliolewa na ndugu watano wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine, na wote wakafa. Sisi tulimwonea huruma zaidi alipofika huko ugenini kuliko alipokuwa kwenye hema lake. Mtu aliyepika mbele ya mama mkwe asiyesema lugha yake anajua tunasema nini.

Sasa ugomvi. Hadithi inaanza na Amir, binti wa miaka 20, anayeletwa kuolewa na Karluk. Na Karluk ana miaka 12. Ndiyo, kumi na miwili. Watu wa huko wanaona msichana amechelewa, wala hawaoni kwamba mvulana ni mtoto. Mwandishi hafichi. Karluk anajiona mdogo, anataka kukua upesi amfae mke wake, na katika juzuu ya 10 anakwenda kwa shemeji zake kujifunza kuwinda kwa ndege tai. Amir anamlea, anamheshimu, anampenda. Yote yanapendeza.

Na hapo ndipo mwenzetu mmoja aliposimama. Tumeruhusiwa naye kusema maneno yake, bila jina. Alisema: "Mimi niliozwa na miaka 14. Hakuna aliyenichora. Niliacha shule darasa la tano, na herufi zote nilizozijua zilinitoka kichwani. Nimezirudia na miaka 46, katika darasa hili hili. Kitabu hiki kinaonyesha ndoa ya mtoto kama mchana wenye jua. Usiku wake hakuuonyesha."

Wengine wakamjibu kwamba ni hadithi ya zamani, na mambo ya zamani yalikuwa hivyo. Mzee mmoja akasema hata bibi yake aliolewa mdogo na akaishi vizuri. Mama akamwuliza, "Bibi yako ulimwuliza?" Mzee akakaa chini.

Tulibishana mpaka taa ikaisha chaji. Mwalimu alitukumbusha kwamba Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, kwamba Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na kwamba Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana nayo. Kwa hiyo jambo hili si la Kaspi peke yake wala si la karne ya 19 peke yake. Yule baba aliyetaka kusoma sheria, ndiyo hiyo, imeingia kwa mlango wa katuni.

Maoni yetu ni haya. Hatukubali kitabu hicho kifichwe. Lakini tunamlaumu mwandishi katika jambo hili moja: amechora nyuzi zote za kitambaa, na uzi huu ameuacha. Wenzetu watatu katika kamati hawakubaliani nasi. Wanasema yumo Talas, na maisha yake si mchana wenye jua hata kidogo. Wana haki, na tumeandika maoni yao hapa ili msiseme tumewanyima nafasi.

Wanaotaka kuazima vitabu waje kwa katibu siku ya Jumatano, wakiwa na mikono safi. Frieren zipo zote tulizoachiwa. Za Yuki zipo mbili. Juzuu ya 14 ya mabibi arusi haipo, msije kuisumbukia. Iko kwa yule mama wa miaka 46. Amesema anaiga pambo la ukurasa mmoja kwenye kitambaa cha binti yake, ambaye mwezi huu anafanya mtihani wa kidato cha nne, na hatairudisha mpaka amalize.