Kuzungumza na Ndugu Aliyezidiwa na Pombe

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo tutasikiliza, halafu tutaandika.

Tuseme ndugu yako wa Bunda ameuza pamba, na fedha zimeishia kwenye gongo. Umemgombeza. Wazee wamemkalisha kitako. Je, ameacha? Hajaacha. Kila unapomwambia "Acha," yeye hutafuta sababu ya kutoacha, na akiisha kuitamka kwa kinywa chake huishika zaidi.

Bwana William Miller, mtaalamu wa Marekani, aliliona jambo hili kwa watu wanaokunywa sana, akaliandika mwaka 1983. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick walitoa kitabu kizima. Njia yao ni hii: usimpe mtu sababu zako, muulize mpaka aseme zake.

Sikilizeni:

– Mdogo wangu, pombe inakupa nini?
– Kaka, inaniondolea uchovu wa shamba.
– Na upande wa pili?
– Mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule, hana daftari.
– Hilo la mtoto linakuuma.
– Linaniuma sana.
– Toka 0 mpaka 10, hamu yako ya kupunguza ni ngapi?
– Labda 4.
– Kwa nini 4, isiwe 1?

Litazameni swali hilo la mwisho. Kama kaka angeuliza, "Kwa nini si 10?" mdogo mtu angeanza kujitetea. Sasa yambidi aeleze kwa nini anataka kupunguza. Kaka naye anyamaze! Hapo ndipo wengi wetu hushindwa, maana tumezoea kwamba mkubwa husema na mdogo husikia.

Kwetu jambo hili si geni kabisa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni 2 walikutana vikundi vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakaamua pamoja kuchimba vyoo.

Lakini iko hatari moja. Mtu anayekunywa kila siku, naye akikosa pombe asubuhi hutetemeka, asiache ghafula peke yake. Aweza kupatwa na degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitali kwanza.

Zoezi. Mdogo mtu amejibu, "Kwa sababu mama watoto amechoka nami." Andikeni maneno ambayo kaka atamrudishia, pasipo kumpa shauri lo lote.