Bunduki na Sheria Moja
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama)



Wako wasemao raia mwema aachiwe silaha yake ajilinde. Wako wasemao silaha zote zikusanywe. Kabla hatujachagua upande, na tukumbuke tulikotoka.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Yalisema yanakomesha biashara ya watumwa. Lakini humo humo yakazuia bunduki za kisasa zisimfikie Mwafrika, huku majeshi yao yakiingia nazo.

Kenya nako, Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, walowezi walivaa bastola kiunoni kwa kibali cha Serikali. Mwafrika aliyekutwa na bastola aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi alihukumiwa kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa tarehe 18 Februari, 1957.

Je, ubaya ulikuwa katika leseni? Hata kidogo! Ubaya ulikuwa katika kumtazama mtu rangi yake kwanza.

Wakoloni wamekwenda, lakini ubaguzi waweza kurudi kwa mlango mwingine. Mfugaji akinyang'anywa bunduki, na jirani yake aibaye ng'ombe akaachiwa yake, huo si usalama. Tajiri akipewa leseni kwa sababu ya jina lake, hiyo si haki.

Sisi twasema: leseni iwepo, sababu iulizwe, na kila mtu apimwe kwa kipimo kimoja. Sheria ni msumeno. Na ukate mbele na nyuma.