Kompyuta Inayojizima: Tuanze na Vumbi

(Mada iliyotolewa kwa kamati za parokia za Handeni na Korogwe)



Tumekuja kuzungumzia jambo ambalo nusura litugharimu fedha, na ambalo tayari lilikuwa limevunja amani.

Katika parokia moja upande wa Handeni, kompyuta ya ofisi ilianza kujizima. Asubuhi iliwaka vizuri. Ikifika saa sita mchana feni ilinguruma, kazi zikawa nzito, halafu kioo kikawa cheusi. Kamati ikasema ni virusi. Kijana aliyekuwa akichapa hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa alishutumiwa kwamba ameiharibu kwa miziki, akanyang'anywa ufunguo wa ofisi. Barua ya kuomba kompyuta mpya ilitufikia, nasi tulikuwa karibu kuipitisha.

Kwanza tulikwenda kuifungua mashine yenyewe. Ndani tulikuta vumbi jekundu limeshikana kama blanketi kati ya feni na bati la kupozea prosesa. Feni ilizunguka, lakini hewa haikupita.

Ndugu zetu, prosesa ni kipande kidogo, lakini katika kompyuta nyingi za mezani hutumia umeme wa wati 65 au zaidi inapofanya kazi nzito. Karibu umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Joto hilo hupita kwenye dawa laini iliyopakwa juu ya prosesa, huingia katika bati lenye mapezi, kisha feni hulipeperusha. Njia hiyo ikizibika mahali popote, joto hupanda hata kukaribia nyuzi 100. Hapo prosesa hujipunguzia kasi, na mwisho mashine hujizima ili isiungue. Kujizima huko ni kinga.

Tena, feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Ofisi ya bati isiyo na dari, Korogwe mwezi wa Februari, tayari ni mzigo.

Kabla ya kuandika barua, tunaomba mfuate hatua hizi:

1. Angalieni inajizima lini. Ikiwa ni baada ya muda wa kazi, shukuni joto. Ikiwa ni mara tu baada ya kuwashwa, huenda bati limelegea au kifaa cha kugawa umeme kina hitilafu.

2. Zimeni, chomoeni waya ukutani, subirini ipoe. Gusani chuma cha kasha kabla ya kugusa vifaa vya ndani.

3. Ondoeni vumbi nje ya chumba, kwa brashi laini na kavu ya rangi au kwa blowa. Ishikeni feni isizunguke wakati wa kupuliza. Msitumie kitambaa chenye maji.

4. Kama bado inachemka, fundi aling'oe bati, afute dawa ya zamani iliyokauka kwa spiriti, na apake mpya kiasi cha punje ya harage dogo. Ikizidi haisaidii. Ahakikishe pembe zote nne za bati zimekaza.

5. Feni isiyozunguka ibadilishwe. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na kompyuta nzima.

Yako pia makosa tunayoyafanya kwa upendo. Kile kitambaa kizuri kilichofumwa kisifunike kompyuta ikiwa inawaka. Kasha lisisukumwe hadi ukutani wala kuwekwa sakafuni. Na msiliache wazi mkidhani litapata hewa, litapata vumbi.

Mashine ile ya Handeni ilisafishwa na kupakwa dawa mpya siku hiyohiyo, ikafanya kazi mchana kutwa. Mwenyekiti alimwita yule kijana, akamwomba radhi mbele ya kamati na kumrudishia ufunguo. Nasi tulimwomba radhi, kwa kuwa tuliiamini barua kabla ya kuangalia.

Kwa hiyo tunapendekeza usafishaji ufanyike kila robo mwaka mnapofunga hesabu, na uwe na fungu lake katika bajeti. Kwa wafadhili wetu tunasema: mnapotoa kompyuta, toeni na fedha kidogo ya kuitunza. Na kwa kamati: fungueni kasha kabla ya kumhukumu mtu.